Kinundu cha Shingo: Damu Inajua Nini?

Mtu anapojipapasa shingo na kukuta kinundu kinachopanda na kushuka kila anapomeza mate, swali lake ni moja: ni saratani au si saratani? Swali la pili hufuata hapo hapo, hasa kwa anayeishi mbali na hospitali kubwa: hakuna kipimo cha damu cha kunijibu, nisije nikapasuliwa bure? Nataka kulichambua swali hilo la pili kutoka Gitaza, Burundi, tarafa ya Muhuta, pale barabara ya RN3 iendayo Rumonge inapobanwa kati ya milima ya Mumirwa na Ziwa Tanganyika. Nimepachagua kwa sababu mahali anapoishi mgonjwa panabadilisha maana ya majibu yake. Kipimo kile kile cha damu kinaweza kuwa na uzito fulani Geneva, kikakosa uzito huo kwenye mteremko ambao mvua imeusafisha madini yake kwa karne nyingi.

Vinundu vya tezi ya thairoidi, tezi iliyolala mbele ya koo, ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Ukipapasa shingo za watu wazima 100, utavikuta kwa watu 4 hadi 7. Ukiwapima kwa ultrasaundi, ambayo mwambao huu wengi huiita ekografi, utavikuta kwa wengi zaidi. Katika baadhi ya uchunguzi idadi imepita nusu ya watu waliopimwa. Wanawake huvipata zaidi ya wanaume, na umri ukienda navyo huongezeka. Kati ya vinundu vinavyochunguzwa hospitalini, vyenye saratani huwa kama 7 hadi 15 katika kila 100. Wengi wa wenye vinundu, basi, hawana saratani, na kazi nzima ya daktari ni kuwatafuta wachache bila kuwaumiza wengi.

Kuwaumiza huko si kwa kufikirika. Anayeondolewa tezi yote atameza vidonge vya homoni ya thairoidi kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti inapita nyuma ya tezi hiyo, na ikiguswa vibaya sauti hukwaruza au hupotea. Tezi ndogo zinazosimamia kalisi mwilini zimegandamana nayo, na zikiondolewa kwa bahati mbaya mgonjwa hushikwa na ganzi na mikazo ya misuli. Mama anayeuza ndagala mnadani anahitaji sauti yake. Anahitaji pia uhakika kwamba vidonge vitapatikana mwezi ujao, na mwaka ujao, na miaka 20 ijayo. Kumpasua kwa sababu ya karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya ni kumpa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Kiashiria cha saratani ni nini hasa? Ni kitu, mara nyingi protini au kasoro ya jeni, ambacho kuwepo kwake au kuzidi kwake huashiria kwamba saratani ipo. Vingine hutafutwa katika damu. Vingine hutafutwa ndani ya seli zenyewe zilizotolewa kwenye kinundu. Watu wakisema "kipimo cha kansa" huvichanganya vyote, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo, kwa kuwa kwa tezi hii vya damu na vya seli vimetofautiana mno kwa uwezo.

Cha damu kinachotajwa zaidi ni thairoglobulini. Ni protini inayotengenezwa na seli za tezi hii tu, na ndani yake ndimo homoni za thairoidi zinamoundwa na kuhifadhiwa. Tangu katikati ya miaka ya 1970 ilifahamika kwamba watu wenye saratani ya tezi hii wana thairoglobulini nyingi katika damu, na matumaini yakawa makubwa. Lakini ikaonekana upesi kwamba wenye rovu la kawaida nao wanayo nyingi. Wenye tezi iliyovimba kwa kushambuliwa na kingamwili wanayo nyingi. Wenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi wanayo nyingi. Hata kuchomwa sindano kwenye kinundu huipandisha. Seli ya saratani hutoa thairoglobulini, na seli nzima hutoa thairoglobulini. Kiwango chake katika damu hueleza zaidi ukubwa wa tezi na msukosuko wake kuliko tabia ya kinundu. Ndiyo maana Chama cha Thairoidi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, kilishauri kisipimwe kama sehemu ya kawaida ya uchunguzi wa kwanza wa kinundu.

Sasa kiweke kipimo hicho Gitaza. Udongo wa milima mikali inayopigwa na mvua hupoteza aidini, ambayo kwa Kiswahili cha chumvi tunaiita madini joto. Maji huichukua, huishusha mtoni, kisha ziwani. Samaki wa bahari wana aidini nyingi. Mukeke na ndagala ni samaki wa maji baridi, na kwa upande huu hawawezi kushindana na wa bahari. Juu ya hayo kuna muhogo. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, madaktari wa Kibelgiji wakiongozwa na François Delange walikuta katika miaka ya 1960 jambo lililowashangaza: kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, kusini magharibi walikuwa kama 5 katika 100, na pande zote mbili aidini ilikuwa pungufu vile vile. Uchunguzi uliofuata ukaelekeza kidole kwenye muhogo ambao sumu yake haikutolewa vizuri. Mwilini, sumu hiyo hugeuka kuwa thiosianati, na thiosianati huizuia tezi kunyonya aidini kidogo iliyopo. Muhogo uliolowekwa vya kutosha na kukaushwa hauna hatari hiyo kwa kiasi kile, na wapishi wa mwambao wanajua kuuandaa. Tabu huja wakati wa njaa, watu wanapoharakisha.

Dawa ya hali hiyo imekuwa chumvi. Chumvi ya Uvinza, upande wa Tanzania, ilivuka ziwa hili kwa mitumbwi tangu zamani, na biashara ya chumvi bado inaziunganisha pande za Tanganyika. Kwa miongo kadhaa sasa nchi za eneo hili zimetaka chumvi ya kula itiwe madini joto, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wamekua na shingo nyembamba kuliko za bibi zao. Lakini bibi hao wako hai. Tezi iliyohangaika kwa miaka 30 bila aidini ya kutosha hubaki na vinundu hata chumvi ikibadilika. Kundi hilo, wanawake wa makamo na wazee wa milima na mwambao, ndilo linalokwenda kituo cha afya na kinundu, na ndilo ambalo thairoglobulini yake itakuwa juu, awe na saratani au asiwe nayo.

Jambo moja linatosha kulionyesha hili. Shirika la Afya Duniani linaitumia thairoglobulini kwa watoto wa shule kama kipimo cha kujua kama jamii inapata aidini ya kutosha. Kwa hiyo, mtu akichukua damu ya mkazi wa eneo lililokosa aidini, akaona thairoglobulini imepanda, kisha akamwambia ana dalili za saratani, amesoma habari za lishe akadhani anasoma habari za uvimbe. Kuna maabara katika miji mingi ya Afrika Mashariki zinazouza vifurushi vya "vipimo vya kansa", damu kidogo na orodha ndefu ya majina. Kwa mwenye kinundu cha shingo, naviona vifurushi hivyo kuwa ni fedha iliyopotea na, baya zaidi, hofu iliyonunuliwa. CEA, ambayo mara nyingi imo ndani yake, hupandishwa na sigara, na saratani za utumbo, na mengine mengi. Haitenganishi kinundu na kinundu.

Kalsitonini ina hadhi tofauti, nami sitaki kuiweka kapu moja na hizo. Hutolewa na seli nyingine kabisa za tezi, na saratani inayotokana na seli hizo, iitwayo ya medula, huimwaga kwenye damu kwa wingi. Kiwango kikipita pikogramu 100 katika mililita moja, shaka ya saratani hiyo ni kubwa sana. Hapa damu inajua kitu kweli. Shida ni uhaba: kati ya watu 1,000 wenye vinundu, wenye saratani ya medula huwa watatu au wanne. Ukiwapima wote, wengi wa watakaoonekana na kiwango kilichopanda kidogo watakuwa na sababu nyingine: figo zilizochoka, sigara, au omeprazoli, ile dawa ya vidonda vya tumbo ambayo watu huinunua dukani bila cheti. Madaktari wengi wa Ulaya huipima kalsitonini mara kwa mara. Mwongozo wa Marekani wa 2015 ulikataa kuegemea upande wowote. Kwa upande wangu, ningeipima pale ambapo katika ukoo kuna mtu aliyekuwa na saratani hiyo, kwani aina moja ya ugonjwa hurithiwa kupitia jeni ya RET, au pale ambapo sindano imeonyesha seli za kutiliwa shaka.

Tena kalsitonini huharibika haraka nje ya mwili. Damu inatakiwa iwekwe kwenye barafu, itenganishwe upesi, igandishwe. Wakazi wa Gitaza wanaijua barabara yao: Machi 2015 maporomoko ya udongo yaliua watu hapo na kuikata RN3, na miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza nyumba za kando. Sampuli inayotegemea barafu na barabara ya namna hiyo inaweza kufika Bujumbura ikiwa na kalsitonini kidogo kuliko iliyotoka nayo, na jibu la "hakuna kitu" likawa la uongo.

Kabla ya kuiacha damu, niitaje homoni ya TSH. Haihesabiwi miongoni mwa viashiria vya saratani, hata hivyo ndicho kipimo cha damu ambacho kila mwenye kinundu anapaswa kukipata kwanza. Ikiwa chini, huenda kinundu chenyewe kinatengeneza homoni kwa fujo, na vinundu vya aina hiyo ni nadra kuwa saratani. Tiba yake ni nyingine. Ikiwa ya kawaida au juu, safari inaendelea kwenye ultrasaundi na sindano.

Sindano ndiyo kiini cha jambo lote. Daktari huchoma kinundu kwa sindano nyembamba, akiongozwa na ultrasaundi inapowezekana, hunyonya seli, huzipaka kwenye kioo, na mtaalamu wa patholojia huzisoma kwa hadubini. Tangu mkutano uliofanyika Bethesda, Marekani, mwaka 2007, majibu hupangwa katika makundi sita. La pili ni "si saratani", na hapo uwezekano wa kukosea ni kama 4 katika 100. La sita ni "saratani", na hapo majibu huwa sahihi mara 97 katika 100 kwa makadirio ya toleo la 2023 la mpangilio huo. La kwanza ni sampuli isiyotosha, la tano ni shaka kubwa. Ugumu umo katika la tatu na la nne, ambamo seli hazisemi wazi, na uwezekano wa saratani ni kama 22 na 30 katika 100.

Hapa mahali panaingia tena. Saratani ya papilari, iliyo nyingi kuliko zote, ina seli zenye sura yake; msomaji mzoefu huitambua kwenye kioo. Saratani ya folikula haina sura hiyo. Seli zake hufanana na za uvimbe wa kawaida wa folikula, na tofauti pekee ni kwamba saratani imetoboa ganda lake au imeingia kwenye mishipa ya damu. Sindano huleta seli, haileti ganda. Na imeonekana nchi nyingi kwamba palipo na upungufu wa aidini, sehemu ya saratani za folikula huwa kubwa zaidi. Aidini ikiongezwa, za papilari hushika nafasi ya mbele. Kwa hiyo wanawake wale wale ambao thairoglobulini yao haiwezi kusomwa ndio wanaoelekea zaidi kuwa na vinundu ambavyo sindano nayo haivimalizi.

Ni kwa ajili ya makundi hayo ya kati ndipo viashiria vya ndani ya seli vilipotafutwa. Galektini-3 ni mojawapo: protini inayojitokeza kwenye seli za saratani ya tezi na kwa kawaida haionekani kwenye seli nzima. Sampuli hutiwa rangi maalumu, na penye protini hiyo hugeuka kahawia. Uchunguzi ulioongozwa na Waitalia, uliochapishwa mwaka 2008 juu ya vinundu 465 vya folikula visivyoeleweka, ulionyesha kwamba kati ya saratani 100 rangi hiyo ilizinasa 78, na kati ya vinundu 100 visivyo saratani ilivisafisha 93. HBME-1 na keratini-19 hutumika kwa njia hiyo hiyo, mara nyingi pamoja. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Tezi iliyovimba kwa kingamwili inaweza kuchukua rangi, na saratani inaweza kuikataa.

Jeni zilikuja baadaye. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba saratani nyingi za papilari zina kasoro moja katika jeni ya BRAF, iitwayo V600E. Ikipatikana kwenye seli za kinundu, shaka karibu inaisha: ni saratani. Ila inapatikana katika takriban nusu tu ya saratani za papilari, na za folikula hazina. Kasoro za RAS zipo katika saratani za folikula, na zipo pia katika uvimbe usio saratani, hivyo huongeza shaka bila kuikata. Kipimo kinachotoa jibu la uhakika zaidi, basi, kinashughulikia aina ambayo hadubini tayari inaiona vizuri.

Marekani vilitengenezwa vipimo vipana zaidi, vinavyosoma jeni nyingi kwa pamoja. Kimojawapo, Afirma, kilichapishiwa matokeo yake mwaka 2012: kilinasa saratani 92 katika 100, na kusafisha vinundu 52 tu katika 100 visivyo saratani. Tuhesabu. Chukua watu 1,000 wa makundi ya kati, 250 wana saratani. Kipimo kitawashuku 230 kati yao na kuwakosa 20. Katika 750 wasio nayo kitawaachia 390, na kitawashuku bure 360. Walioshukiwa jumla ni 590, na wenye saratani kweli ni 230, hata nusu hawafiki. Walioachiwa ni 410, na waliokosewa ni 20. Kwa hiyo kinafaa kumwambia mtu "usipasuliwe", hakifai kumwambia "una saratani". Matoleo ya baadaye, pamoja na ThyroSeq, yamepunguza hofu ya bure. Bei ni maelfu ya dola za Marekani kwa kinundu kimoja, na hesabu hizo zote zinategemea idadi ya wagonjwa halisi mahali husika. Ukibadilisha 250 kuwa 100, kila kitu kinabadilika. Kuagiza kipimo kutoka nje ni kuagiza pia takwimu za watu wa huko, waliokula chumvi na samaki wengine.

Kuna onyo la upande mwingine, nalo linatoka Korea Kusini. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watu wazima wenye afya walipimwa shingo kwa ultrasaundi kwa wingi, na kufikia 2011 saratani za tezi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993. Vifo havikubadilika. Maelfu walipasuliwa kwa ajili ya visaratani vidogo ambavyo visingewahi kuwasumbua. Sioni sababu ya mtu kwenda Gitaza na mashine kutafuta vinundu kwa watu wasiolalamika.

Wanaotakiwa kutafutwa ni wengine: mwenye kinundu kigumu kilichonata, kinachokua kwa wiki au miezi, mwenye sauti iliyokwaruza bila mafua, mwenye matezi ya pembeni mwa shingo yaliyovimba, na mtoto yeyote mwenye kinundu, kwa kuwa kwa watoto uwezekano wa saratani ni mkubwa kuliko kwa watu wazima. Huyo asisubiri kifurushi chochote cha damu. Akiwa na tezi la pembeni lililovimba, kuna mahali thairoglobulini inang'ara: sindano iliyochoma tezi hilo ikisuuzwa na maji hayo yakapimwa, wingi wa thairoglobulini huonyesha kwamba seli za thairoidi zimehamia mahali zisipopaswa kuwa. Protini ile ile isiyo na maana kwenye damu yake inakuwa na maana nzito huko.

Kwa hiyo kama kuna fedha ya kutumia mwambao huu kati ya Bujumbura na Rumonge, mimi ningeiweka kwenye sindano, ultrasaundi, na juu ya yote kwenye macho ya msomaji wa vioo. Kioo kilichopakwa seli na kukaushwa au kuzamishwa kwenye alkoholi hakihitaji barafu. Kinasafiri kwenye basi. Kinaweza kusomwa Bujumbura, na msomaji akiwa na shaka kinaweza kupigwa picha na kuonyeshwa kwa mwenzake wa nchi nyingine. Hilo ni la thamani sasa kuliko zamani, kwa sababu njia za wagonjwa wenyewe zimepungua: kituo cha saratani cha Butaro, Rwanda, kilichofunguliwa mwaka 2012, kiko karibu kwenye ramani, lakini Januari 2024 Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda. Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, kuna tiba ya aidini ya mionzi ambayo baadhi ya wenye saratani ya tezi huihitaji baada ya upasuaji, na kutoka Rumonge ni safari ya ziwa au barabara hadi Kigoma, kisha nchi nzima ya Tanzania mbele yako.

Kwa kinundu cha makundi ya kati kisichokuwa na vipimo vya jeni vya kukisindikiza, njia ya kweli iliyobaki ni kuondoa nusu ya tezi iliyo na kinundu na kuichunguza nzima, ganda na mishipa yake. Nusu inayobaki mara nyingi hutosha kumwezesha mtu kuishi bila vidonge. Hapo mgonjwa, au mtoto wake aliyemsindikiza, aulize jambo moja kabla ya kuondoka hospitalini: nyama iliyotolewa imepelekwa maabara ya patholojia, na namba yake ni ipi? Nyama hiyo huhifadhiwa ndani ya kipande cha nta ya parafini, na hukaa miaka mingi bila kuharibika. Galektini-3 inaweza kupakwa juu yake baadaye, BRAF inaweza kutafutwa ndani yake, hata kama leo hakuna wa kufanya hivyo. Ikithibitika kuwa saratani na tezi yote ikaondolewa, ndipo chupa ya damu inapopata kazi yake: baada ya wiki kadhaa thairoglobulini inapaswa kushuka karibu na sifuri, na ikianza kupanda tena, ugonjwa unarudi. Ipimwe pamoja na kingamwili zake, kwa kuwa karibu robo ya wagonjwa hao wana kingamwili zinazoivuruga, na ipimwe kila mara kwenye maabara ile ile.